Mkono Juu ya Bomba la Kurudi

Ijumaa iliyopita mlinikatia keki ya kuniaga, mkanipa kadi yenye sahihi ambazo nusu yake sizisomi, na mkaniomba niandike machache ya kuwekwa kwenye faili la karakana. Nimekubali kwa sharti kwamba hakuna atakayenisahihisha Kiswahili changu. Habari za vyeo sitaziandika, na za mishahara mtanisamehe, sina hamu nazo. Nitaandika juu ya vali moja, ukubwa wake kama kizibo cha chupa ya soda, ambayo niliifunga kwa mkono wangu huku nikijua kwamba haifai kufungwa.

Nilikuja London kijana wa miaka kumi na tisa, baada ya mapinduzi ya kwetu Unguja kututawanya, huyu Dar, yule Muskati, mimi kwa ami yangu Peckham. Baba alibaki na cherehani yake. Ami alinipeleka kwa fundi mmoja Mjamaika, Mista Clifton, aliyekuwa na karakana chini ya matao ya reli. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kitambaa, akaniambia nifute mabomba yote ya boila iliyokuwa imefungwa pale kwa majaribio, huku inawaka. Nilipofika kwenye bomba moja nikaruka nyuma nikipuliza vidole. Akacheka, akasema sasa nimeshajua lipi ni la kwenda na lipi ni la kurudi, na sitasahau.

Kwa msiojua, na najua baadhi yenu hamjui ila mnaona haya kuuliza: boila huchemsha maji, pampu huyasukuma kwenye bomba la kwenda, yanazunguka kwenye rejeta za vyumbani, yanaacha joto lake huko, kisha yanarudi kwa bomba la pili kupashwa upya. Boila za zamani zilikuwa za chuma cha kalibu, nzito, wanaume wanne wakinyanyua moja, mmoja wao lazima ateguke mgongo. Adui wake mkubwa ni maji yanayorudi yakiwa yamepoa mno. Moshi wa gesi una mvuke ndani yake. Ukikuta chuma kilichopoa unageuka maji, kama unavyoona gilasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Ila jasho hili lina ukali wa tindikali. Linakula chuma kimyakimya, kutu inabanduka, inaanguka, inaziba vinjia vya kupitishia moshi. Na moshi ukikosa njia ya kutoka nje hurudi ndani ya nyumba. Ndani yake mna gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na wenye nyumba huhisi kichwa kinawauma, basi.

Dawa yake ni bomba fupi la kuunganisha la kwenda na la kurudi karibu kabisa na boila, lenye vali katikati. Sisi tuliliita bomba la mkato. Sehemu ya maji ya moto inakata njia, inakutana na maji yaliyopoa, inayapasha kabla hayajaingia. Mista Clifton alikuwa na kipimajoto cha kufunga kwenye bomba, lakini alianza kwanza kwa kiganja. Boila ikishawaka nusu saa, weka mkono juu ya bomba la kurudi uhesabu. Ukifika tano bila kuutoa, maji yamepoa, boila inatoka jasho, tafuta kosa. Ukishindwa kwenye mbili au tatu, uko salama. Nimekiweka kiganja changu juu ya maelfu ya mabomba, na ngozi yake sasa haisikii chai ya moto, jambo ambalo mke wangu huliona kuwa ni kujionyesha.

Miaka ya themanini ilipoanza ndipo tulipopata kazi Queensbury, kwa Mzee Jayanti. Mista Clifton alinituma peke yangu kwa sababu mteja alisema kwenye simu kwamba ametoka Zanzibar. Mlango ulifunguliwa na mzee mwembamba, sweta mbili, miwani puani. Nikasema shikamoo kwa mazoea tu. Akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikamwambia wa Makame, fundi cherehani. Akashika fremu ya mlango. Baba alikuwa akishona kwenye baraza ya duka lake la vitambaa, miaka kumi na moja, mpaka siku duka lilipofungwa na yeye kuondoka na mkewe na masanduku mawili. Alikumbuka kikohozi cha baba. Alikumbuka kwamba baba alikuwa hakubali kushona suruali bila kwanza kumsema mteja kwa unene wake. Baba alikuwa ameshafariki kule nyumbani na mimi sikumzika. Katika mji mzima huu, watu wote hawa, ukimtoa ami, ndugu yake, huyu ndiye mtu pekee aliyewahi kumsikia akicheka. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Nilimpenda mzee yule papo hapo.

Nyumba yake ilikuwa imeongezwa chumba kikubwa nyuma, karibu na jikoni, kwa ajili ya mkewe Bi Kusum, ambaye magoti yalikuwa yamemkataza ngazi. Chumba kiliongezewa rejeta nne, na boila ilikuwa ile ile ya chuma, jikoni. Maji mengi zaidi, safari ndefu zaidi, kwa hiyo yalirudi yamepoa. Nikaweka bomba la mkato, nikafungua vali nusu, nikapima kwa kiganja. Nilishindwa kwenye tatu. Nikajaza karatasi ya kazi: vali wazi nusu. Nikanywa chai yenye tangawizi nyingi, nikaondoka nikiwa na furaha ambayo kazi ya mabomba huwa haimpi mtu.

Baada ya wiki mbili akaniita. Chumba cha Bi Kusum kilikuwa vuguvugu tu. Alikuwa amelichunguza lile bomba fupi mwenyewe, na akili yake ya biashara ikamwambia kwamba maji ya moto yanapita mlango wa uani badala ya kwenda kwa mkewe. Nilimweleza habari ya jasho. Akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Haji mwanangu, boila ni ya chuma, Kusum ni mtu. Nani anahitaji joto? Funga."

Nikasema labda nipunguze robo. Akaniwekea mkono begani, akasema baba yako hakuwahi kunibishia hata siku moja. Hiyo haikuwa kweli. Baba alibishana na kila mtu. Lakini nilitamani iwe kweli, na nyinyi mliolelewa kwetu mnajua mtoto wa watu anavyokuwa mbele ya mtu aliyekaa na babake. Kumwambia mzee "hapana" usoni, ndani ya nyumba yake, chai yake ikiwa mkononi, ni jambo ambalo ulimi wangu haukufundishwa. Nikaifunga vali yote. Rejeta za nyuma zikapata moto, Bi Kusum akaniombea dua kwa Mungu wake na mimi nikaitika kwa wangu. Karatasi ya kazi sikuibadilisha. Mista Clifton sikumwambia.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinaniuma baadaye kuliko vyote. Chumba kile kingeweza kupata joto bila kugusa bomba la mkato. Zilitakiwa kubanwa kidogo vali za rejeta za vyumba vya mbele, zilizokuwa zikijichukulia maji ya moto mwanzo, ili za nyuma zipate fungu lao. Kazi ya nusu saa na spana ndogo. Sikulifikiria kwa sababu sikuwa nikifikiria mabomba. Nilikuwa nikifikiria kupendwa.

Majira ya baridi ya kwanza yakapita salama. Ulipofika wakati wa kuisafisha boila, Mzee alisema inawaka vizuri, tusihangaike, na mimi nikalipokea neno hilo kwa pupa. Nilikuwa nimeanza kumkwepa. Kila nikiona jina la Queensbury kwenye ubao wa kazi, najiambia chuma ni kinene.

Majira ya pili, asubuhi moja ya Januari, theluji imegeuka barafu barabarani, simu ya karakana ikalia. Nikaipokea mimi. Alikuwa Mzee Jayanti, sauti ya taratibu, akisema hakuna haraka, ila boila inadondosha maji kidogo na ameweka bakuli chini yake. Nikamuuliza maji ya rangi gani. Akasema kama chai ya rangi. Halafu akasema hakuna haraka, boila inadondosha maji kidogo na ameweka bakuli chini yake. Alilisema vile vile, neno kwa neno, kama mtu ambaye hajalisema.

Nikamuuliza Bi Kusum yuko wapi. Akasema amelala, tangu juzi kichwa kinamsumbua, leo hata chai hakuamka kupika. Yeye mwenyewe kichwa kizito pia, baridi hii. Wamefunga madirisha yote na kuziba chini ya milango kwa nguo.

Nikajua lile ni jasho lenye kutu, na moshi unarudi ndani. Nilimwambia Mista Clifton aite ambulensi kwa simu ya karakana ya jirani, nikamtajia anwani kwa kichwa, kisha nikarudi kwa Mzee. Nikamsihi azime boila na watoke nje. Akanijibu kwa upole kwamba nje ni barafu na mkewe ana magoti, atasubiri nifike nitazame. Nikamsihi tena, kwa adabu, kwa tafadhali zote nilizofundishwa. Akaanza kuniambia habari ya bakuli kwa mara ya tatu. Hapo kitu ndani yangu kikakatika.

"Nyamaza, Mzee. Nyamaza unisikilize mimi. Zima boila. Fungua mlango wa uani. Mtoe mkeo nje sasa hivi."

"Haji. Unasema na mimi hivyo?"

"Nasema na wewe hivyo. Halali yule, anakufa. Mburute ikibidi. Nenda."

Nikasikia mkono wa simu unawekwa mezani, hakuurudisha mahali pake, na viatu vyake vya ndani vikiburuzika kwenye korido. Nikabaki nimebana simu sikioni. Nilisikia saa ya ukutani yao. Nilisikia kitu kinaanguka, sufuria au bakuli. Halafu komeo, linavutwa, linakwama, linavutwa tena. Halafu sikusikia kitu. Niliita jina lake mpaka Mista Clifton akanitoa simu mkononi na kuniingiza kwenye gari.

Kutoka Peckham hadi Queensbury ni kuvuka London yote, na siku ile kila taa ya barabarani ilikuwa nyekundu kwa ajili yetu. Tulipokuwa darajani juu ya mto, Mista Clifton aliniuliza jambo moja, bila kugeuka. Vali iko wazi kiasi gani? Karatasi ilisema nusu. Nikamwambia imefungwa. Nani aliifunga? Mimi. Akakaza macho barabarani mwendo mzima wa Edgware Road. Nilikuwa naomba anitukane. Nilisoma kila dua niliyoijua na kila mara nilipofika mwisho nilikuta bado tuko nyuma ya basi lile lile.

Tulimkuta jirani wao, mama wa Kisikh, amesimama kwenye theluji na kandambili. Wameshachukuliwa, alisema. Mzee alionekana akimvuta mkewe juu ya blanketi kutoka mlango wa uani, akaanguka naye kwenye barafu, na hapo ndipo yeye alipowaona na kukimbilia. Nikamuuliza kama Bi Kusum alikuwa anapumua. Akasema walimfunika uso, kisha akaona sura yangu akaongeza haraka, kwa kitu cha hewa, kile cha plastiki, ndiyo, anapumua.

Nilitaka kukimbilia hospitali. Mista Clifton akanizuia. Alinipa bisibisi, akanielekeza kwenye boila, akaniambia niifungue mwenyewe, yeye atatazama. Nikaifungua. Vinjia vya moshi vilikuwa vimejaa kutu, vipande vilivyobanduka kama magome ya mti, nilivitoa kwa viganja viwili na bado vikaja. Chini ya vyote mwali wa gesi ulikuwa umeacha masizi meusi ukutani. Nilipogusa lile bomba fupi lilikuwa baridi kabisa. Nililia pale jikoni, mtu mzima, mbele ya bosi wangu, na sioni haya kuandika.

Bi Kusum alifungua macho jioni ile, na siku ya pili akaomba chai na kuikataa kwa sababu ilikuwa ya hospitali. Hapo tukajua amerudi. Siku ya tatu nikaenda. Walikuwa wamekaa karibu karibu, yeye kitandani, Mzee kwenye kiti na mkono uliofungwa bandeji. Ningeweza kuacha mambo yawe ya boila kuukuu, hakuna ambaye angebisha. Nikawaambia yote, vali, karatasi, mwaka mzima wa kumkwepa. Mzee akasema haraka kwamba ni yeye aliyeniamuru nifunge.

Bi Kusum akamnyamazisha kwa kidole.

"Wewe hukujua," alimwambia mumewe. Kisha akanigeukia. "Wewe ulijua. Kwa nini?"

Nikasema nilimheshimu Mzee.

"Basi ningekufa kwa heshima yako," akasema, akageuza uso ukutani.

Mista Clifton hakunifukuza. Wengine wangependa nifukuzwe, nami nilikuwa mmoja wao. Alichofanya ni kuichukua ile karatasi ya kazi yenye maneno yangu, vali wazi nusu, akaibandika ukutani juu ya birika la chai, na ikakaa pale mpaka karakana ya matao ilipofungwa. Miaka yote hiyo nilichemsha chai nikiisoma.

Kwa Mzee Jayanti tulifunga boila nyingine. Safari hii nilibana rejeta za mbele moja moja, nikaliweka bomba la mkato, nikaiweka vali sawa na kuung'oa mpini wake, nikamkabidhi Mista Clifton mbele ya wenyewe. Chumba cha nyuma kilipata joto mpaka Bi Kusum akavua sweta. Halafu nikamwita Mzee jikoni, nikamwonyesha pa kuweka mkono, nikamfundisha kuhesabu.

Tangu hapo, kila mwaka, siku ya kwanza ya baridi kali, simu yangu ililia asubuhi. Hakuna salamu. "Nimefika tatu," alisema Mzee, kisha akakata. Mwaka mmoja alisema mbili na nikasikia anapuliza vidole. Hakuwahi kunizungumzia tena maneno niliyomtolea siku ile, wala mimi sikumwomba radhi kwa hayo, kwa kuwa ni maneno pekee ya kweli juu ya boila yake niliyomwambia bila kurudi nyuma. Alipofariki niliwasaidia majirani kupanga viti. Majira ya baridi yaliyofuata simu ikalia, sauti ya mwanamke. "Nimefika tatu." Akakata.

Nyinyi siku hizi mnafunga boila za aina nyingine, na mambo yamepinduka. Hizi zimetengenezwa zitoke jasho makusudi. Tumbo lake haliliki na ule ukali, joto lililomo kwenye mvuke linavunwa badala ya kutupwa, na maji yakirudi yamepoa ndiyo vizuri zaidi. Lile jasho linatoka kwa kijibomba chake cha plastiki. Nawaomba mkilaze kwa mteremko na mkivishe vazi la kuzuia baridi kinapopita nje, maana kikiganda boila inazima asubuhi ile ile mtu anapoihitaji. Ila kwa mzee kama mimi ilikuwa kama kuambiwa kwamba sasa tunavuka barabara kukiwa na taa nyekundu.

Kazi yangu ya mwisho, wengi wenu hamkujua, niliichagua mwenyewe. Boila ya Bi Kusum ilikuwa imechoka. Yeye sasa ana miaka tisini na ushei, mdogo kama mtoto wa shule, anatembea kwa fremu, na akili ni wembe. Nilifunga ile mpya siku mbili, peke yangu, polepole. Niliweka kengele ya gesi ya sumu ukutani, nikaijaribu mbele yake ikapiga kelele mpaka akaziba masikio. Nikaiwasha boila. Nusu saa baadaye akaja jikoni na fremu yake, hakuniuliza kitu, akaunyoosha mkono juu ya bomba la kurudi.

Akahesabu kwa sauti. Tatu. Tano. Kumi. Alipofika ishirini aliacha kuhesabu, mkono bado upo pale, akanitazama.

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya jasho, ya chuma kipya, ya kijibomba cha plastiki, na nikajisikia nazungumza kwa kasi kama kijana wa siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuuondoa mkono.

"Haji," akasema, "unaniambia kweli, au unaniheshimu tu?"

Nikamwambia, "Nakuambia kweli, Bi Kusum."

Akauegemeza mkono wa pili juu ya bomba lile, akasema nikaweke chai.